Katherine Johnson, Roketi za Ngomeni na Mabinti Wetu

Ukisimama ufuoni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utaona majukwaa ya chuma yaliyojengwa baharini. Hapo ndipo setilaiti tisa ziliporushwa kati ya mwaka 1967 na 1988. Mojawapo ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei kutoka kwenye nyota. Roketi zilizozibeba, aina ya Scout, zilibuniwa Langley, kituo cha utafiti kilichoko Virginia, Marekani. Langley hiyo hiyo ndiko alikofanya kazi Katherine Johnson, mwanahisabati Mweusi ambaye sisi tunaofundisha sayansi kwa umma tungependa kila binti wa Pwani amjue.

Alizaliwa mwaka 1918 katika mji mdogo wa White Sulphur Springs, West Virginia. Alihesabu kila kitu: hatua za kwenda kanisani, hata sahani alizoosha. Lakini wilaya yao haikuwa na shule ya umma ya kumpokea mtoto Mweusi akishamaliza darasa la nane. Tatizo halikuwa karo wala alama. Ilikuwa rangi. Baba yake akaihamishia familia mji wa Institute, karibu kilomita 200 kutoka kwao, watoto wakasome huko, yeye akabaki nyuma kutafuta riziki. Katherine aliingia shule ya upili akiwa na miaka kumi, na kufikia mwaka 1937, akiwa na miaka 18, alishahitimu chuo katika hisabati na Kifaransa.

Kuna mtu mmoja hapa ambaye kwa maoni yangu hatajwi vya kutosha. Ni mwalimu wake wa chuo, W. W. Schieffelin Claytor, Mmarekani Mweusi wa tatu kupata shahada ya uzamifu katika hisabati. Ubaguzi ulimzuia kupata nafasi ya utafiti iliyolingana na kipaji chake. Alipoona binti huyu amemaliza masomo yote ya hisabati yaliyokuwapo, alimtungia somo jipya, jiometria ya anga, akalifundisha darasani kwa mwanafunzi mmoja tu: Katherine. Tunaposifu uvumilivu wa mwanamke huyu, na ni haki tuusifu, tusisahau kwamba palikuwa na baba aliyehama na mwalimu aliyeongeza kazi juu ya kazi yake.

Njia haikunyooka. Mwaka 1939 alikuwa mmoja wa Weusi watatu waliochaguliwa kuingia masomo ya uzamili katika Chuo Kikuu cha West Virginia, kilichokuwa cha wazungu, lakini aliyaacha alipoanza familia. Akafundisha shule, akalea watoto. Hadi mwaka 1953 ndipo alipoingia Langley, katika kitengo cha wanawake Weusi wapiga hesabu, kilichotengwa na cha wazungu. Baadaye, alipoambiwa wanawake hawaendi kwenye mikutano ya wahandisi, aliuliza kama kuna sheria inayokataza. Haikuwapo, akaingia.

Mwaka 1960 jina lake lilichapishwa kwenye ripoti ya utafiti, jambo ambalo hakuna mwanamke wa idara yake aliyekuwa amelipata. Ripoti ile ilieleza namna ya kukokotoa mwelekeo wa roketi pale injini inapozimika, ili setilaiti ipite juu ya mahali palipochaguliwa duniani. Mtoto wa Ngomeni ana sababu ya kulipenda swali hilo. Kwao ni kama nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi inayoelekea mashariki msukumo wa ziada wa karibu kilomita 1,670 kwa saa.

Mwaka 1962, kabla mwanaanga Mmarekani John Glenn hajaenda kuizunguka dunia, alitaka Katherine ahakiki kwa mkono hesabu zilizotolewa na kompyuta. Ilimchukua siku moja na nusu. Namba zilikubaliana, Glenn akaruka.

Na sisi? Enzi za ukoloni shule za Kenya ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Leo Katiba ya 2010 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hata hivyo bado kuna mabinti wanaopimwa kwa rangi ya ngozi au asili ya babu zao, na wengi huambiwa hesabu ni za wavulana. Mzazi, ukiyasikia maneno hayo shuleni, nenda kwa mwalimu mkuu na uyakatae waziwazi, mwanao akisikia. Na mwalimu wa hesabu, ukiwa na binti aliyekwisha kumaliza kitabu cha darasa lake, usimwambie awasubiri wenzake. Mpe cha darasa linalofuata, kisha waite wazazi wake uwaeleze ulichokiona.