Je, wajua kwa nini Ufaransa humwita "mpanda farasi" mtu asiyepanda farasi?

Mwaka 1878 Gustave Eiffel, mhandisi ambaye baadaye kampuni yake ilijenga mnara maarufu wa Paris, alitunukiwa cheo cha chevalier, yaani mpanda farasi, ingawa kazi yake ilikuwa chuma na madaraja. Neno hilo, linalotamkwa "shevalye", lina uhusiano na cheval, farasi kwa Kifaransa, na asili yake ni caballus, neno la Kilatini cha watu wa kawaida lililomtaja farasi wa kazi wala si farasi wa fahari.

Katika Zama za Kati chevalier alikuwa askari aliyepigana juu ya farasi. Kwa kuwa farasi wa vita, deraya na silaha viligharimu mali nyingi, kazi hiyo iliwaangukia zaidi wenye ardhi, na jina la kazi likageuka polepole kuwa cheo cha makabaila, juu kidogo ya écuyer, ambaye hapo mwanzo alikuwa mbeba ngao tu. Cheo kiliweza hata kulifunika jina la mtu: Joseph Bologne, mtunzi wa muziki na bingwa wa kupigana kwa upanga, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745 na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika, hujulikana zaidi kama Chevalier de Saint-Georges.

Juni 1790 Bunge la mapinduzi lilifuta vyeo vyote vya kurithi. Neno lenyewe, hata hivyo, lilirudi kupitia Légion d'honneur, nishani iliyoanzishwa na Napoleon Bonaparte mwaka 1802, ambayo leo ina madaraja matano, na chevalier ndilo la chini kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kulinganisha na Uingereza: mwenye nishani hii haitwi "Sir", wala mwanawe hairithi, hubaki Bwana au Bibi kama jirani yake, ila huvaa utepe mwekundu kifuani. Daraja la jina hilohilo limo pia katika nishani ya Sanaa na Fasihi ya mwaka 1957, na karibu na kwetu lilikuwamo katika Nyota ya Anjouan, nishani ya usultani wa kisiwa cha Anjouan huko Komoro iliyoingizwa baadaye miongoni mwa nishani za kikoloni za Ufaransa.

Ajabu ni kwamba katika sataranji, ambako farasi yupo kweli, Wafaransa hawasemi chevalier. Kete hiyo wao huiita cavalier.