Nyota pacha kubwa zinapobadilika mng'ao: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwanga ukipungua, nyota moja imeikinga nyingine.

Mara nyingi ni kweli, ila kwa sharti kwamba njia yao ya kuzungukana imelala usawa na macho yetu. Iota Orionis, kwenye upanga wa kundi la nyota la Orion, hubadilika mng'ao bila nyota yoyote kumkinga mwenzake. Ni nyota mbili nzito zinazozungukana kwa siku 29 katika njia iliyorefuka sana. Zikikaribiana huvutana kwa nguvu ileile inayojaza na kupwesha bahari, zikapoteza umbo la tufe. Badiliko la mng'ao linalotokana na hilo ni dogo mno kwa jicho. Satelaiti za BRITE, zilizoundwa kupima mng'ao wa nyota, ndizo zilizolinasa.

Dhana: Nyota nzito zaidi ndiyo ing'aayo zaidi.

Beta Lyrae, nyota pacha nyingine, inakanusha. Aligundua mabadiliko yake John Goodricke, Mwingereza, mwaka 1784. Nyota nzito pale, yenye takriban mara 13 ya uzito wa Jua, imefunikwa na sahani nene ya gesi inayomiminika kutoka kwa mwenzake, ambaye amebaki na kama mara 3 tu. Kwa hiyo mwepesi ndiye anayeonekana kung'aa. Kumiminika huko pia kunarefusha mzunguko wao wa siku 12.9, kwa karibu sekunde 19 kila mwaka.

Dhana: Eta Carinae iliwaka, ikazimika, ikaisha.

Hili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa nyota yenyewe ingali pale, umbali wa takriban miaka ya nuru 7,500. Desemba 1837 mwanafalaki John Herschel, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, aliiona imepanda mng'ao ghafla. Mwaka 1843 ni Sirius pekee iliyoizidi kati ya nyota za usiku. Baadaye ikafifia hadi jicho lisiione. Haikuwa imekufa: ilikuwa imerusha gesi nyingi iliyopoa, ikazaa vumbi, na vumbi hilo likaiziba. Linavyozidi kutawanyika, nyota inaonekana tena.

Katikati ya vumbi hilo mna nyota mbili. Mwanafalaki Augusto Damineli wa Brazili alitambua mwaka 1996 kwamba mabadiliko ya wigo wa mwanga wake, yaani mwanga uliotenganishwa kwa rangi, hurudia kila miaka 5.5. Pepo za nyota hizo, yaani gesi zinazovuma kutoka kwazo, hugongana, mmoja ukienda kama kilomita 3,000 kwa sekunde, na mgongano huo hutoa eksirei. Zinapokaribiana kabisa, eksirei huporomoka kwa wiki kadhaa, ilhali mwanga wa kawaida haubadiliki sana. Anayetegemea macho tu hawezi kujua kuna jambo.

Dhana: Kumetameta ndiko kubadilika kwenyewe.

Hapana. Kumeta ni hewa ya Dunia. Eta Carinae itafute jioni za Aprili, uso ukielekea kusini, upande wa kulia wa Msalaba wa Kusini, mbali na taa za mji. Linganisha mng'ao wake na nyota jirani, uandike tarehe, kisha urudie mwaka ujao.