Barafu ya samaki na mustakabali wa Super 8

Wauza samaki wa Mikindani wameshanizoea. Nikifika na ndoo yangu asubuhi hawaniulizi tena kama nataka changu au tasi. Wananivunjia barafu tu. Mmoja wao huwaambia wenzake kwamba huyu fundi anagandisha harusi za watu. Hakukosea sana. Barafu ile huenda kwenye beseni, na katikati ya beseni hukaa chupa za dawa ya kusafishia filamu za Super 8, ile filamu nyembamba ya milimita 8 ya sinema za nyumbani. Dawa ya filamu nyeusi na nyeupe kwa kawaida imepimiwa nyuzi 20 za joto, na maji ya bomba la kwetu mwezi wa Februari hayana habari na nyuzi 20.

Nimekumbuka kuandika haya baada ya kijana mmoja anayepiga video za harusi huko Masasi kunipigia simu. "Shikamoo fundi. Nimeona kamera ya Super 8 Kariakoo, mzee anaiuza bei ya kutupa. Nichukue, au nitabaki na pambo la sebuleni?" Nikamwambia kamera ndiyo ya mwisho kuulizia. Akanyamaza, nadhani alitaka nimjibu ndiyo au hapana.

Kamera zenyewe ni ngumu kufa. Super 8 ilipotoka mwaka 1965, ujanja wake ulikuwa katriji ya plastiki: unaichomeka, unafunga kifuniko, unapiga. Kabla ya hapo, filamu ya milimita 8 ya mwaka 1932 ilikuwa rola yenye upana wa milimita 16. Unapiga upande mmoja, unaigeuza kivulini, unapiga upande wa pili, halafu inapasuliwa katikati baada ya kusafishwa. Ukigeuza juani umejiharibia mwenyewe. Katriji ikaondoa adha hiyo. Ndani yake mna futi 50, yaani mita 15 na ushei, fremu 3,600. Kwa fremu 18 kwa sekunde unapata dakika tatu na sekunde 20. Kwa 24, dakika mbili na nusu. Kamera nyingi za miaka ya sabini zinakula betri za AA zilizopo kila duka la Mangi, na kwa zile zenye mkanda wa mpira, ukilegea unatafuta mwingine.

Na filamu je? Watu wengi wanadhani hapo ndipo penye hatari. Kodak hutengeneza filamu yake Rochester, jimbo la New York, kwa kupaka dawa kwenye karatasi pana za plastiki, kisha inazikata kwa vipimo mbalimbali. Sisi wa milimita 8 tunakula makombo ya meza ya Hollywood. Wakubwa wakila, nasi tunapata. Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mufilisi, mwaka huohuo ikaacha kutengeneza Ektachrome, filamu yake ya rangi, na mwaka uliofuata Fujifilm ikajitoa kwenye filamu za kupigia sinema. Pale hata mimi nilianza kuangalia bei ya kamera za kadi. Lakini mwaka 2015 Kodak ikaafikiana na studio kubwa sita za Hollywood ziendelee kununua filamu, mwaka 2018 Ektachrome ikarudi, na mwishoni mwa 2023 ikatoka kamera mpya kabisa ya Super 8, kwa dola 5,495. Kwa pesa hiyo mkulima wa korosho wa Newala ananunua bodaboda tatu na chenji inabaki. Sikushauri. Ila inaonyesha kwamba mwenye kiwanda hajafunga duka.

Kinachoninyima usingizi ni karai la dawa, yaani nani ataisafisha filamu. Chukua Kodachrome. Ilikuwa filamu yenye rangi ambazo sijaona mfano wake, lakini usafishaji wake ulikuwa wa aina yake peke yake, wenye hatua nyingi na dawa ambazo Kodak ndiyo iliyozitoa. Maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, Kansas, ilisimamisha kazi hiyo mwisho wa mwaka 2010. Leo ukiokota kwenye droo ya babu yako Kodachrome iliyopigwa lakini haijasafishwa, hakuna maabara ya kuipeleka ikakutolea rangi zile.

Huku kusini jambo hilo tunalijua bila kuhadithiwa. Studio za picha zilizokuwa zikisafisha negativu zimebaki na mashine za pasipoti. Niliwahi kutuma nje katriji mbili za rangi. Zikalala wiki saba kwenye stoo ya wasafirishaji fulani, kipindi cha joto kali, na zilipofika zilikuwa zimeungua rangi, kila uso umekuwa mwekundu. Tangu siku hiyo rangi nimewaachia wenye maabara jirani.

Mimi napiga Tri-X, nyeusi na nyeupe, nasafisha nyumbani. Nyingi ya kamera za zamani husoma kasi mbili tu za filamu, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, kutoka kwenye pengo la katriji, 40 na 160, na Tri-X ni 160 chini ya taa na 200 juani, kwa hiyo haigombani nazo. Gizani navunja katriji kwa bisibisi, naizungusha filamu kwenye tangi la Kirusi, nafunga. Ukitaka picha ya kurusha ukutani moja kwa moja, lazima uipaushe kwa potasiamu pamanganeti, ile ya zambarau ya duka la dawa, pamoja na asidi ya betri kidogo. Nilijaribu mwaka wangu wa kwanza, maji yakiwa karibu nyuzi 30. Pamanganeti hulainisha utando wa picha, joto nalo hulainisha. Vikikutana, utando unabanduka kama utandu wa maziwa. Niliinua mita 15 za plastiki safi kabisa, na dakika tatu za ngalawa za Mikindani zikateremka kwenye tundu la maji machafu nikiziona. Siku hizi naishia kwenye negativu, naigeuza kwenye kompyuta. Na barafu haikosekani.

Kuna mustakabali mwingine ambao vijana hawauulizi, wa mikanda iliyokwisha kupigwa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Shangani aliniletea kopo la biskuti lenye mikanda minne. Nilipofungua, siki ikanipiga puani. Plastiki ya asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huoza na kutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huharakisha kuoza kwa jirani zake. Mitatu ilikuwa imejikunja kama maganda ya muhogo. Tundu za pembeni zimesogeleana, projekta ingeichana. Wa nne, wa Fuji wa Single-8, aina yao ya filamu ya milimita 8, ulikuwa umenyooka kama jana, kwa kuwa ulipakwa juu ya poliesta, plastiki ya aina nyingine. Kopo moja, pwani ileile.

Ile mitatu nimeipitisha fremu kwa fremu kwenye skana isiyo na meno. Tafadhali usirushe ukutani ukarekodi kwa simu: kizibo kinachozunguka mbele ya taa ya projekta nyingi hukata mwanga mara 54 kwa sekunde, simu inanasa picha 30, na picha itapepesa mpaka kichwa kiume. Kwenye mkanda wa pili mama yake mwalimu anakaanga korosho kwenye debe, moshi unamjia usoni, anageuka anacheka. Mwalimu aliomba nirudishe hapo mara tano. Mikanda nimeitoa kwenye kopo, nikaitenga kila mmoja kwenye bahasha ya karatasi.

Kijana wa Masasi amenunua kamera. Nimemwambia katriji aziweke kwenye friji, asipige zaidi ya mbili kabla hajasafisha ya kwanza, na aje Juni, maji yakiwa yamepoa. Ameuliza kama aje na barafu yake.