Kwa nini mgeni hula asichokipenda na bado akasema "tamu"?

Chukua mlenda. Kwa aliyekulia Dodoma au Singida, ugali na mlenda ni chakula cha nyumbani, tonge linateleza lenyewe. Kwa asiyeuzoea, ule uzi unaovutika kutoka bakulini hadi kwenye vidole unatosha kumfunga koo. Sasa mketishe huyo asiyeuzoea kwenye mkeka Jumapili mchana, nyumbani kwa mfanyakazi mwenzake. Wapo watu sita au saba tu, na mpishi mwenyewe amekaa mbele yake anasema, "Mtatusamehe, hatukuandaa kitu, ni mboga tu." Atakula, na akiulizwa atasema tamu. Kinachomfanya ale ni nini?

Tuanze na koo lenyewe, maana wengi hudhani kutopenda chakula ni maringo tu. Mwaka 1931, mkemia Arthur Fox alikuwa kwenye maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani akishughulika na unga wa kemikali iitwayo PTC. Vumbi lake likaruka. Mwenzake akalalamika kuwa hewa imekuwa chungu, Fox mwenyewe hakusikia chochote. Walianza kubishana, kisha wakaonjesha watu wengine, na ikadhihirika kuwa binadamu wamegawanyika: wapo wanaousikia uchungu ule na wapo wasiousikia kabisa. Tofauti hiyo hurithiwa, na mwaka 2003 watafiti walitambua jeni inayohusika zaidi, TAS2R38. Jeni hiyo hiyo inagusa namna mtu anavyousikia uchungu wa mboga za jamii ya kabichi, sukuma wiki ikiwemo. Watu wawili wanaweza kula kutoka sufuria moja na kila mmoja akala chakula chake. Giligilani ni vivyo hivyo. Wapo ambao majani yale, yanayowanukia wenzao vizuri kwenye kachumbari, kwao yananuka sabuni, na sehemu ya sababu iko kwenye jeni za kunusa.

Halafu kuna kumbukumbu ya tumbo. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake waliwapa panya maji yaliyotiwa sakarini, wakawapitishia mionzi iliyowachafua tumbo. Baada ya hapo panya waliyakwepa maji hayo matamu, ingawa si maji yaliyowadhuru. Kwa binadamu mara moja inatosha. Aliyewahi kula pweza jioni akatapika usiku anaweza kumchukia pweza miaka ishirini, hata kama kilichomwangusha kilikuwa juisi ya barabarani. Huwezi kumbembeleza aache. Akili inaelewa, tumbo linakataa.

Kwa hiyo mgeni ana haki yake. Tabu ni kwamba mwenyeji naye anayo ya kwake.

Kwetu chakula cha mgeni hakipimwi kwa utamu peke yake. Kuku aliyechinjwa pengine ndiye aliyekuwa akitaga. Mchele ule ungeliwa na watoto siku mbili. Na kabla ya gharama kuna jambo zito zaidi: kula kwa mtu ni kumwamini. Katika jamii nyingi za bara mwenye pombe hupiga funda la kwanza mbele ya wageni ndipo kibuyu kizunguke, ili kila mtu aone hakuna kilichotiwa ndani. Desturi ya namna hiyo huzaliwa mahali ambapo hofu ya kuwekewa kitu ni ya kweli. Mahali kama hapo, kurudisha sahani bila kuigusa kunasema mengi ambayo hukuyakusudia. Kwamba tuna ugomvi. Kwamba umetuona duni. Au, baya kuliko yote, kwamba unadhani tumekutilia kitu. Mgeni aliyekataa kwa sababu ya mlenda tu anaondoka bila kujua ameacha kesi nyuma yake.

Ndiyo maana mikusanyiko midogo ni migumu kuliko mikubwa. Harusini hakuna anayejua umekula nini. Unapiga foleni, unachagua, na sahani yako inaondolewa na kijana asiyekufahamu. Kwenye kikao cha chama cha akina mama, au kwa jirani siku ya Idi, au Krismasi kwa shemeji, mpishi yuko hapo hapo na anaona kila tonge. Hajifichi kuwa anatazama. Atakuuliza, "Mbona huli?" wakati mdomo wako umejaa.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu nadhani adabu ya mgeni huamuliwa na namna chakula kilivyoandaliwa kuliko na moyo wake mwema. Sinia la pwani, kwa mfano, ni rafiki mkubwa wa mtu mchaguzi. Watu wanne au watano wamelizunguka, kila mmoja anakula upande wake, kama Mtume Muhammad (S.A.W.) alivyomfundisha kijana Umar bin Abi Salama: taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Sheria hiyo inaonekana ni ya usafi na heshima, na ni kweli, ila ina faida nyingine ambayo haitajwi. Hakuna anayejua hasa wewe umekula kiasi gani. Unamega matonge madogo, unatafuna polepole, unazungumza. Mnofu usioutaka unauchambua na kumsogezea mwenzako, na kwenye sinia kitendo hicho ni ukarimu, kila mtu atakusifu. Hutakiwi kuutoa mkono mapema tu, maana ukiacha wewe wenzako nao wataona haya kuendelea. Mwenyeji anayejua kazi yake hula taratibu hadi mwisho kwa sababu hiyo hiyo. Na sinia halimalizwi. Katika nyumba nyingi kinachosazwa na wageni kinarudi ndani kwa watoto, kwa hiyo kuacha si kosa, na kulifuta sinia lote ndiko kunakoitwa ulafi.

Sahani ya kupakuliwa inakunyang'anya kinga yote hiyo. Mama wa nyumba amejaza wali kama kichuguu, juu ameweka vipande viwili vya utumbo vilivyo bora kuliko vya wengine kwa sababu wewe ni mgeni, na sasa kila punje ina jina lako. Kilichobaki ni ushahidi. Hapa desturi inageuka kabisa: kuacha ni israfu, na ni tusi. Dawa yake ni kuwahi kabla kijiko hakijashuka. "Mama, nipunguzie, nitaongeza" ni maneno yanayokubalika karibu kila nyumba, na yanafanya kazi kwa sababu yanaahidi hamu. Ukishapakuliwa umechelewa. Bufee ya siku hizi, ile ya kujipakulia mezani, imewarudishia wageni hiari, lakini imewatwika na wajibu: ulichojipakulia mwenyewe huwezi kumlaumu mtu.

Kuna na namna isiyo na maficho hata kidogo. Ethiopia wana desturi ya gursha, ambapo mwenzako anakunja injera, mkate wao mwembamba, pamoja na kitoweo kwa mkono wake na kukutia mdomoni. Ni mapenzi na heshima, na kukataa ni ufidhuli. Hapo sahani haina msaada wowote, unafungua mdomo tu.

Je, inawezekana kukataa waziwazi na mtu asiumie? Inawezekana, na mfano bora ninaoujua una zaidi ya miaka 1,300. Imepokewa katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kwamba Mtume alikuwa nyumbani kwa mkewe Maymuna pamoja na Khalid bin al-Walid, ambaye Maymuna alikuwa mama yake mdogo. Kikaletwa chakula: mjusi mkubwa wa jangwani aliyechomwa, zawadi kutoka Najd. Mtume akanyoosha mkono, akaambiwa ni nyama gani, akaurudisha. Khalid akauliza kama ni haramu. Jibu lilikuwa kwamba si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wangu, kwa hiyo nafsi yangu haimtaki. Khalid akajivutia sahani, akamla, na Mtume akimtazama.

Angalia jibu lilivyoundwa. Halisemi neno juu ya chakula wala juu ya aliyekileta. Sababu imewekwa kwa mlaji: mimi sikumzoea. Wala halikumzuia mwingine kula kwa raha. Hadithi nyingine ya Abu Hurayra inaeleza kuwa Mtume hakuwahi kukitia chakula ila, akikipenda alikula na asipokipenda alikiacha. Kati ya kuacha na kutia ila kuna umbali mrefu, na wageni wengi huuruka wakidhani wanasema ukweli tu. "Hiki mmekipikaje?" likisemwa kwa sauti fulani linaumiza kuliko sahani iliyojaa.

Ndiyo maana pia sababu za dini na ukoo hupokewa bila manung'uniko. Msabato akisema hali kambare wala kamba, kwa kuwa Mambo ya Walawi 11 inaruhusu walio na mapezi na magamba peke yao, hakuna anayenuna. Muganda wa ukoo wa Nsenene hali senene, na Bukoba atawaacha wenzake watafune. Aliyefunga Jumatatu au Alhamisi anaomba dua na kukaa na watu. Sababu hizo hazina maoni yoyote juu ya mapishi ya mtu.

Uongo nao upo, tusijifanye. "Nimeshakula" husemwa kila siku na wote wawili wanajua, na kwa maoni yangu huo hauna madhara, ni salamu tu, na jibu lake ni "basi onja." Usipokuwa na njaa hakuna aliyetukanwa. Uongo ninaouogopa ni ule wa "daktari amenikataza." Kwanza unadai utunzwe: ukimsingizia daktari kuhusu nyama Januari, usionekane na mshikaki Februari. Pili, unawaharibia wagonjwa wa kweli. Wenyeji wakishausikia mara nyingi wanazoea kutousadiki, na siku mwenye mzio wa karanga atakaposema hali karanga ataambiwa, "Onja kidogo tu, haitakuua." Kwa mzio, kidogo kinaweza kuua. Karanga nazo hazionekani: Tanzania tunaziunga kwenye mchicha, kisamvu na mlenda wenyewe, na Waganda wana mchuzi wake kamili. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kuona haya. Aulize kabla ya kunawa, asisitize, na akionekana msumbufu na aonekane.

Kwa mwingine, ambaye tatizo lake ni ulimi tu, kuna msaada ulio mezani tayari. Uchungu hupunguzwa na chumvi, na si kwa kufunikwa na ladha ya chumvi tu. Mwaka 1997 watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha kwenye jarida la Nature kuwa chumvi huukandamiza uchungu na hivyo kuziacha ladha nyingine zijitokeze. Mnafu mchungu ukipata chumvi kidogo na ndimu unakuwa mboga nyingine. Onja kwanza ndipo uombe kidau cha chumvi, ukikiomba kabla ya kuonja mpishi ataelewa vibaya. Harufu inayokushinda hupungua chakula kikipoa, kwa hiyo usianze nacho kikiwa kinafuka moshi. Anza na unachokiweza.

Na usikate tamaa mara ya kwanza. Watafiti wa ulaji wa watoto wameona kuwa mtoto huhitaji kuonjeshwa chakula kigeni mara kumi hivi, wakati mwingine zaidi, ndipo akikubali, na watu wazima nao huzoea. Aliyehamia Eldoret akapewa mursik, maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa kijiti, huona rangi ya kijivu kwanza na kusikia moshi puani. Wakalenjin huwapokea wanariadha wao uwanja wa ndege kwa kinywaji hicho hicho, kwa hiyo hatakikwepa. Baada ya miezi kadhaa wengine hukiulizia wenyewe.

Tahadhari yangu moja ni kuhusu sifa. Mgeni mwenye woga husifu kupita kiasi kile hasa kilichomshinda, ili asigundulike. Matokeo yake yanajulikana: anaongezwa, kisha anafungiwa kwenye hotpoti apeleke nyumbani, na kila akija anapikiwa kile kile kwa kuwa "mwenzetu anakipenda." Nimeona ndoa ambamo mkwe amekula utumbo miaka mingi kwa sababu ya neno moja alilolisema siku ya kutambulishwa. Sifia kilichokupendeza kweli, hata kama ni wali na kachumbari peke yake, na unyamaze juu ya kingine. Wapishi husikia kisichotajwa. Aliyesikia wali ukisifiwa mara tatu na utumbo haukutajwa, safari ijayo atapika maharage, na hakuna atakayehitaji kueleza lolote.