Kontrasti ya Fonti si Rangi, Wala si Unene

Mtu akiona bango lenye maandishi meusi tii juu ya weupe, husema limetumia "fonti ya kontrasti kubwa". Mwingine akiona herufi nzito, naye husema hivyo hivyo. Wote wawili wanazungumzia mambo mengine kabisa.

Kontrasti ya fonti ni tofauti ya unene kati ya mistari ya herufi moja. Tazama O kubwa ya fonti iitwayo Bodoni: mbavu zake mbili ni nene, lakini juu na chini mstari umesinyaa ukawa mwembamba kama unywele. Ichape kwa kijivu juu ya kijivu, isomeke kwa taabu, na kontrasti yake haitapungua hata chembe. Fonti ya Helvetica ikiwa nzito, nyeusi juu ya weupe, mistari yake inakaribiana unene, kwa hiyo kontrasti yake ni ndogo hata kama inaonekana toka ng'ambo ya barabara. Kukoleza herufi ni suala la uzito. Kontrasti ni uwiano.

Uwiano huo ulitoka mkononi. Kalamu ya ncha pana hutoa mstari mnene au mwembamba kulingana na jinsi ilivyoinamishwa. Kalamu ya ncha kali hufuata mgandamizo: mkono ukishuka kwa nguvu, ncha hupanuka na mstari hunenepa, ukipanda, hubaki uzi. Wachongaji wa mabamba ya shaba nao walikuwa na mistari myembamba ya namna hiyo. Mpiga chapa John Baskerville wa Birmingham alianza kuipeleka kwenye chapa, akitumia karatasi laini zaidi katika toleo lake la mshairi Mroma Virgil la 1757. Firmin Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma wakaisukuma hadi ukingoni: vikono vya herufi, yaani vile vistari vya kwenye ncha zake, vikawa bapa na vyembamba, vikakutana na mistari minene kwa pembe mraba, bila mkunjo. Mwaka 1954 Maximilien Vox, Mfaransa aliyezipanga fonti kwa makundi, aliunganisha majina ya Didot na Bodoni, akaliita kundi zima Didone.

Uzuri wa Didone uko kwenye ukubwa: majalada ya majarida, vichwa vya habari, nembo za manukato. Ukiishusha hadi saizi ndogo ya pointi 9, zile nywele hupotea na neno hubaki safu ya vijiti. Ndiyo maana msanifu wa fonti Jonathan Hoefler, alipotengeneza fonti ya HTF Didot kwa ajili ya jarida la mitindo la Harper's Bazaar mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliichora kwa saizi saba tofauti. Ile ya maandishi madogo ina nywele zilizonenepeshwa kidogo, makusudi.

Kwa hiyo, ukimwagiza msanifu, ukitaka maandishi yasomeke juani, omba rangi zinazoachana. Ukitaka yaonekane mazito, omba uzito. Ukimwomba kontrasti kubwa, akakuletea herufi zenye nywele, amekupa ulichoagiza.