Kwa nini ekuteri za bei ndogo hukosa besi?

Je, wajua kwamba ekuteri (spika ndogo za kuvaa masikioni) ya dola 3 iliyokaa sawasawa sikioni inaweza kukupa besi nzito kuliko ya dola 20 iliyolegea?

Hapa Lubumbashi, mtu anayenunua ekuteri katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, huuliza kwanza kama ina besi. Kwa miaka mingi mimi nilitafuta jibu kwenye boksi. Niliamini besi inatokana na upana wa spika: ya milimita 14 lazima iishinde ya milimita 8, na isiposikika basi bidhaa ni feki. Nilinunua jozi tatu kwa imani hiyo, na zote zililia kama redio ndani ya kopo. Siku moja rafiki yangu alivua vile vifuniko vya mpira laini akavalisha vikubwa zaidi, vilivyokuwa vimebaki kwenye boksi tangu siku ya kununua. Gitaa la besi likajitokeza. Simu ilikuwa ileile, spika zilezile.

Kilichobadilika ni kuziba. Chukua pampu ya baiskeli, kama zile za vijana wanaoleta makala (mkaa) mjini. Sukuma mpini huku tundu likiwa wazi: hewa inatoka tu. Lizibe kwa kidole gumba, usukume tena: kidole kinasukumwa kwa nguvu. Sasa acha upenyo mwembamba. Ukisukuma polepole, hewa inapata muda wa kuponyoka na shinikizo halipandi. Ukisukuma ghafla, hewa haiwahi kutoka, na kidole kinahisi pigo.

Kidole hicho ndicho ngoma ya sikio. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Sauti kali za juu hutetemeka mara elfu kadhaa. Kwa hiyo msukumo mmoja wa besi hudumu karibu mara 100 kuliko ule wa sauti ya mitetemo 4,000, na muda huo wote hewa inavuja pembeni ya mpira uliolegea. Sauti za juu zinafika, besi inapotelea njiani. Ukiongeza sauti ya simu, unaongeza zaidi ule ukali unaoumiza.

Mpira ukiziba, kazi inakuwa nyepesi ajabu. Njia ya sikio ina urefu wa takriban milimita 25 tu, na katika chumba kidogo hivyo hata utando mdogo wa spika unatosha kupandisha shinikizo. Zipo ekuteri nzuri ambazo spika zake zina milimita chache, za aina inayotumika pia katika vifaa vya watu wenye usikivu hafifu. Nayo maandishi ya “20–20,000 Hz” (yaani mitetemo kwa sekunde) yaliyo karibu kila boksi ni mipaka ya usikivu wa binadamu. Hayasemi besi itasikika kwa nguvu kiasi gani.

Upana una uzito wake kwenye ekuteri zisizo na mpira, zile zinazoning’inia mlangoni mwa sikio. Hizo zimeundwa zivujishe, kwa hiyo spika pana inasaidia kweli. Na spika mbovu itabaki mbovu hata ukiziba vipi.

Basi dukani hakikisha kwanza plagi inaingia kwenye simu yako, kisha tafuta boksi lenye mipira ya saizi tatu. Ukishavaa, guna “mmm” mdomo ukiwa umefungwa: sauti yako ikivuma ndani ya kichwa, umeziba. Halafu cheza wimbo na ubonyeze ekuteri taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka, mpira huo si wako, jaribu mwingine. Pima kila sikio peke yake, maana masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane: langu la kushoto linavaa mpira wa kati, la kulia linavaa mkubwa.