Mkufunzi Anapoonewa na Wanafunzi Wake

Uonevu vyuoni ukitajwa, wengi humfikiria mhadhiri anayemkomoa mwanafunzi kwa alama. Huo upo, na lazima upigwe vita. Ila katika ofisi za ushauri nasaha tunawapokea pia wakufunzi wanaolizwa na wanafunzi wao, na wengi huja wamechelewa kwa sababu waliona haya kusema.

Anayeandamwa zaidi ni mkufunzi msaidizi, hasa mwanamke aliyehitimu juzijuzi. Akigeukia ubao, nyuma unapigwa mluzi. Akiuliza ni nani, darasa zima kimya. Jioni picha yake iliyopigwa kwa siri imeshakuwa stika kwenye kundi la WhatsApp. Matokeo yakitoka na sapu (mitihani ya marudio kwa waliofeli) zikiwa nyingi, namba ngeni inamwandikia usiku: "Tunajua unapokaa."

Mwanafunzi ana haki ya kulalamikia ufundishaji, kukata rufaa ya alama na kujaza fomu ya tathmini bila woga. Hayo si uonevu hata kama yanauma. Kumdhalilisha mtu tena na tena ni uonevu, na tishio halihitaji kurudiwa ndipo lichukuliwe hatua.

Jibu linaloumiza kuliko stika yenyewe ni lile la mkuu wa idara: "Hao ni watoto tu, wazoee." Si watoto, ni watu wazima wanaopiga kura. Na mkufunzi wa mkataba akijibiwa hivyo, hunyamaza akihofia mkataba wake usihuishwe.

Ukikumbwa, piga skrinishoti mapema, tarehe na namba zionekane, kabla ujumbe haujafutwa. Usijibizane kundini. Usiliadhibu darasa zima kwa mtihani mgumu, maana wahusika kwa kawaida ni wachache na utawapa hoja ya kujitetea. Peleka taarifa kwa maandishi kwa mkuu wa idara na mshauri wa wanafunzi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Vitisho vya simu ni vya polisi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtisha au kumsumbua mtu kwa njia hiyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Nawe mkuu wa idara, ukipata taarifa hiyo, ingia mwenyewe kwenye kipindi kinachofuata, ulieleze darasa msimamo wa chuo huku mkufunzi wako akiwepo.